Zawadi za Krismasi za kupeleka Moshi: niagize wapi mtandaoni, na kwa muuzaji yupi?

Mama Prisca (Tabata)

Habari zenu ndugu zangu. Kama ilivyo desturi ya upande wa mume wangu, mwaka huu tunakwenda Kibosho, Moshi, kwa ajili ya Krismasi, na tumepanga kuondoka Dar es Salaam tarehe 20 Desemba. Kazi yangu hainiruhusu kutoka kabla ya saa kumi na mbili jioni, na Kariakoo ya Desemba sote tunaijua, kwa hiyo nimeamua kununua zawadi zote mtandaoni. Ninahitaji doti mbili za khanga, moja ya mama mkwe na nyingine ya shangazi yake mume wangu, viatu vya watoto wawili wa shemeji, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa, blenda ya wifi, na simu janja ya bei ya kawaida kwa baba mkwe. Leo tuko katikati ya Novemba. Rafiki yangu ananishauri niagize China kwa sababu bei ni ndogo, ilhali kurasa za Instagram za maduka ya Kariakoo nilizozipenda zinataka pesa yote kabla ya kutuma mzigo. Naomba wenye uzoefu mnieleze kipi kinafaa kuagizwa nje, kipi kinunuliwe hapa, na nitamtambuaje muuzaji wa kweli. Wazee hawa hawatalalamika hata wakipewa kitu kibovu, watashukuru na kukiweka kabatini, ndiyo maana nataka niwe mwangalifu.

Wakala wa Mizigo

Dada, nianze na China kwa sababu hapo kalenda ndiyo inayoamua. Meli iondoe kabisa mawazoni mwako. Mzigo wa meli kutoka Guangzhou hadi Dar es Salaam huchukua zaidi ya mwezi mmoja, ukijumlisha siku za kujaza kontena na za kutoa mzigo bandarini, kwa hiyo unachoagiza leo utakipokea Krismasi ikiwa imeshapita. Ndege inawezekana, lakini kumbuka kwamba muuzaji wa kule anahitaji siku kadhaa kufikisha bidhaa kwenye ghala la wakala, na kipindi hiki maghala yanajaa kwa sababu ya punguzo kubwa la tarehe 11 Novemba linalofanyika kila mwaka katika masoko ya mtandaoni ya China.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hulifahamu wakati wa kulipa tu. Mzigo wa ndege haupimwi kwa mizani peke yake. Wakala huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, akagawanya kwa 6,000, kisha anatoza uzito ulio mkubwa kati ya huo wa hesabu na ule wa mizani. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kuwa kilo 16 hata kama ndani yake kuna mdoli wa manyoya wa kilo 3. Kitu chepesi chenye boksi kubwa, kama blenda iliyozungushiwa povu gumu ndani ya boksi, kinakuwa ghali kuliko cha Kariakoo mara tu unapoongeza usafiri. Simu na vitu vingine vyenye betri za lithiamu navyo vina masharti yake kwenye ndege, na mawakala wengi huvitoza bei tofauti. Kwa orodha yako na muda ulio nao, mimi nisingeagiza chochote nje.

Bi. Zuhura wa Magomeni

Mwanangu, mimi nitasemea khanga na viatu, maana ndivyo nivijuavyo.

Wauzaji wa mtandaoni wana tabia ya kupiga picha khanga ikiwa imekunjwa, ukaona pindo na mji vizuri, lakini jina, yaani maneno yaliyochapishwa juu yake, limefichwa kwenye mkunjo. Usilipe kabla hujatumiwa picha ya jina lililoandikwa, tena likiwa limenyooshwa lisomeke lote. Khanga iliyoandikwa «Nani kama mama» mkwe wako ataivaa kanisani kwa furaha. Ukimpelekea yenye maneno ya kijembe kama «Hasidi hana sababu», hata kama rangi zake zinapendeza kuliko zote dukani, utaketi sebuleni kwake kujieleza ulikuwa unamlenga nani. Shangazi naye mtafutie jina lake mwenyewe la heshima, na zisifanane mno na za mkwe wako, kwa sababu kinamama wanalinganisha. Muulize muuzaji pia kama ni pamba tupu au imechanganywa na poliesta, kwani kwenye picha huwezi kujua, ilhali khanga ya pamba ndiyo inayolainika kadiri inavyofuliwa. Halafu zikifika, mpelekee fundi azikate na kuzipinda kabla ya safari, ili mzee apokee kitu cha kuvaa siku hiyohiyo.

Kuhusu viatu, usiagize kwa umri wala kwa namba aliyokuwa akivaa mtoto mwaka jana. Mwombe mama yao amsimamishe kila mtoto juu ya karatasi, visigino vikiwa vimegusa ukuta, achore mstari kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha apime kwa rula. Ukishapata sentimita, mwambie muuzaji akupimie urefu wa soli ya ndani, uzidi mguu kwa sentimita moja hivi. Namba zilizobandikwa hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, lakini rula haibadiliki.

Fundi Simu Makumbusho

Mama Prisca, simu ya mzee usiinunue kwa picha. Mwambie muuzaji akupigie kwa video, aifungue boksi ukiona, aiwashe, na abonyeze *#06# ili namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, itokee kwenye kioo. Linganisha namba hiyo na iliyochapishwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, ambao ni utaratibu wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na majibu yatakuonyesha aina ya simu inayotambulika kwa namba hiyo. Likija jina la simu nyingine tofauti na uliyoonyeshwa, achana na muuzaji huyo bila mjadala. Zipo simu nyingi zilizotumika ambazo huvishwa kasha jipya na kuuzwa kama mpya, na Desemba ndiyo huuzwa zaidi kwa sababu mnunuzi ana haraka.

Kwa blenda, soma kibandiko cha chini. Umeme wetu ni wa volti 230. Blenda zinazoletwa kutoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120, na mtu akiichomeka bila transfoma mota inaungua palepale. Omba picha ya kibandiko hicho na ya plagi, iwe ya pini tatu bapa, wifi yako asianze kutafuta adapta.

Mama Prisca (Tabata)

Nawashukuru sana, na Bi. Zuhura, shikamoo. Nimeshaachana na wazo la China, na karatasi za miguu ya watoto nimeziagiza. Yamebaki mambo mawili: namna ya kulipa bila kuibiwa, na kama ni salama blenda na viatu vitumwe moja kwa moja Moshi kwa basi, maana gari letu litakuwa limejaa.

Karani wa Vifurushi, Mbezi

Dada yangu, kwa vile unakaa Dar es Salaam, mtafute muuzaji anayekubali ulipe baada ya bodaboda kukufikishia na wewe kukagua. Wapo wengi, ukiongeza nauli kidogo. Anayekataa katakata, fungua ukurasa wake wa Instagram, nenda sehemu ya maelezo ya akaunti, uangalie ilifunguliwa lini na imewahi kubadilisha jina mara ngapi. Akaunti iliyofunguliwa juzi, au ambayo jana ilikuwa ya vichekesho na leo inauza blenda, usiitumie pesa. Ukilipa kwa lipa namba, yaani namba ya duka ya kulipia kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Likiwa si la duka ulilokuwa ukizungumza nalo, au ukiambiwa «tuma kwenye namba hii nyingine kwa sababu ile ina tatizo», simama hapo hapo, na ujumbe wa kitapeli utume 15040.

Kwa basi inawezekana kabisa, ila mzigo ufike kwetu kabla ya tarehe 15 Desemba. Baada ya hapo buti zinajaa mabegi ya abiria wanaokwenda Kilimanjaro na Arusha, na vifurushi vinaanza kusubiri zamu. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za boksi kwa kalamu isiyofutika, jagi la kioo la blenda lifungwe peke yake, na umtajie karani kilichomo pamoja na thamani yake ili viandikwe kwenye risiti. Aliyeandika «nguo» huku ndani kuna kifaa cha umeme hana la kudai kikivunjika. Simu ya mzee usiichanganye humo, isafiri mkobani mwako. Risiti ipige picha, umtumie shemeji pamoja na namba ya basi, naye aende stendi ya Moshi na kitambulisho chake.