Naomba ushauri: mama ana presha, mawazo hayamwishi na anajipima siku nzima

Mtoto_wa_Makorora: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 56, anatumia amlodipini miligramu 5. Tangu biashara iyumbe ana mawazo mengi: usingizi hapati, moyo unamwenda mbio usiku, kikoba ameacha. Anajipima mara saba au nane kwa siku, mara 138/84, mara 170/100. Tumwongezee dawa?

Daftari_la_Presha: Msiongeze kitu kwa namba hizo. Mtu akiingiwa na hofu, mwili humwaga adrenalini, moyo unadunda kwa nguvu na mishipa inabana. Anaona 160, anaogopa, anarudia, inatoka 170. Apime asubuhi kabla ya chai na dawa, kisha jioni, basi. Aende haja ndogo kwanza, maana kibofu kikijaa presha hupanda. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, asikunje nne. Mkanda wa mashine uguse ngozi, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Kila awamu apime mara mbili, aache dakika moja katikati. Fanyeni siku 7, ya kwanza msiihesabu, zilizobaki tafuteni wastani. Ukifika 135/85 au kuzidi, daftari liende kwa daktari. Kama mkono ni mnene na mkanda mdogo, mashine itasoma juu kuliko ukweli.

Nesi_Zamu: Muulize anameza nini kichwa kikimuuma. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia chumvi na maji visitoke mwilini, presha inapanda. Na je, dawa anameza kila siku?

Mtoto_wa_Makorora: Diklofenaki anatumia sana. Amlodipini anaruka, anasema inamvimbisha miguu.

Nesi_Zamu: Basi mmeshapata pa kuanzia. Kuvimba vifundo ni kawaida ya amlodipini, daktari anaweza kumbadilishia. Asiiache kimyakimya.

Mama_Ushauri: Usiku avute pumzi kwa pua sekunde 4, aitoe taratibu sekunde 6, kwa dakika 10. Akisikia kizunguzungu au midomo kufa ganzi, anavuta kubwa mno, apunguze. Kama anakoroma na kushtuka amekabwa pumzi, mwambieni daktari, hilo nalo hupandisha presha. Kikoba arudi, tafadhali. Familia nyingi humficha mgonjwa wa presha habari na kumzuia hata misiba "asije akashtuka", naye anabaki ndani akiwaza peke yake. Huzuni na kukosa hamu ya kila kitu vikizidi wiki mbili, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika.

Daftari_la_Presha: Nyongeza: ikisoma 180/120 au zaidi, atulie dakika 5 apime tena. Ikibaki hapo bila dalili, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Ikiwa na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, hospitali muda huohuo. Na msimwekee nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu.