Naomba ushauri: video ya bendi ya roki, mwanga unapwita na mikato inanishinda

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nahariri video ya vijana wanne wanaopiga roki. Tulirekodi ukumbini kwa kamera mbili: moja kwenye traipodi ikichukua jukwaa zima, nyingine mkononi, karibu na mwimbaji na mpiga dramu. Walirudia wimbo mara sita wakifuata sauti ya studio kwenye spika.

Shida kubwa ni mwanga. Kamera ya mkononi iliwekwa fremu 30 kwa sekunde, shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) sekunde 1/60. Umeme wetu ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), taa zinapwita mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, na shata hiyo hailingani nazo, kwa hiyo picha ina mistari myeusi inayopanda. Ile ya traipodi, fremu 25 na shata 1/50, iko safi kabisa. Nimejaribu kusafisha kwa programu, lakini nyuso zinatoka kama zimepakwa nta, na nyuso hizo ndizo roho ya video. Jasho la mpiga dramu linaonekana tone kwa tone!

Pia nimekata kutoka shoti moja kwenda nyingine kwa kila pigo la dramu. Kwenye kiitikio macho yanachoka. Nikiacha shoti ndefu, nguvu ya gitaa inapotea.

Je, shoti za kamera ya mkononi zinaokoleka nikizigeuza nyeusi na nyeupe, au tukarudie tu? Ukumbi tunaweza kuupata Jumamosi. Na kwenye kiitikio mnakata kwa kufuata nini: pigo, mstari wa maneno, au mwendo wa mwanamuziki mwenyewe?