Tupeane uzoefu: umewahi kulea vijana wa Kiyahudi na somo la nchi ya mababu? Nini kiliwashika, nini kiliwachosha?

Mlezi wa Mbale (mwanzisha uzi)

Habari zenu wote. Mimi ni wa jumuiya ya Abayudaya, karibu na Mbale, mashariki ya Uganda. Kwa wasiotufahamu: sisi ni Wayahudi tangu 1919, Semei Kakungulu alipoisoma Torati akaamua kuishika yeye na watu wake. Idi Amin alitupiga marufuku, wengi wakaiacha dini, waliobaki wakasali kwa kujificha. Leo nalea kikundi cha vijana wa miaka 13 hadi 18, Jumapili mchana, wakishamaliza kufua sare za shule.

Kila mwaka nahangaika na somo lilelile, Nchi ya Israeli. Nikifundisha kwa ubao wanasinzia. Nikileta wimbo wa Kiebrania wanaimba vizuri, kisha wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Kilichowahi kuwashika kilikuja kwa bahati. Wageni kutoka Marekani walituachia karatasi nzuri ya kutundika ukutani, imeandikwa kwa Kiebrania "mizrach", yaani mashariki. Kwao Myahudi akisali huelekea mashariki, maana Yerusalemu iko upande huo. Vijana wakaitundika ukuta wa mashariki. Binti mmoja akachungulia dirishani, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo Yerusalemu iko nyuma ya Mlima Elgon?"

Sikuwa na jibu. Nyuma ya Elgon ni Kenya.

Tukaazima dira na atlasi ya shule, rula tukawa nayo. Mbale iko longitudo 34 na kidogo, Yerusalemu 35 na kidogo. Ni kama mstari mmoja! Unatoka kwetu unapita Karamoja, Sudan Kusini, kona ya magharibi ya Ethiopia, Sudan, unavuka hadi Sinai, unafika. Kilomita kama 3,400, kaskazini moja kwa moja. Mvulana mwingine akasema hata maji ya Nile pale Jinja yanaelekea hukohuko. Walibishana hadi jua likazama, tukaihamisha ile karatasi, na mmoja akaandika chini yake kwa kalamu ya wino mzito: "tzafon", kaskazini. Bado ipo.

Sasa nilipokwama. Mwaka jana kijana wetu mmoja aliomba viza ya kwenda kusoma huko, akanyimwa. Jumapili iliyofuata nikatamka "nchi ya mababu zetu" kama kawaida yangu, mwenzake akasimama: "Babu yangu mimi ni Mgwere. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Mababu gani hao?" Wote wakanitazama. Nikasema tutaendelea wiki ijayo.

Waliowahi kulea vijana, au hata kuwatazama tu kwa mbali, nisaidieni. Mlifanyaje?

Mpemba Jikoni

Mkuu, mimi si Myahudi, ni Muislamu wa Wete, ila nina la kuchangia. Niliwahi kwenda Pennsylvania kwa viza ile ya wafanyakazi wa kambi za likizo, miezi mitatu, kambi ya vijana wa Kiyahudi. Nilikuwa jikoni.

Walikuwa na "Siku ya Israeli". Bendera kila mti, falafeli (nilikaanga mimi, mkono ukaungua), ngoma za mduara, halafu ramani ya nchi iliyotengenezwa kwa aiskrimu. Aiskrimu ya kijani ndiyo Galilaya, biskuti zilizosagwa ndiyo jangwa la Negev. Dakika kumi Negev yote imeliwa. Kesho yake nikamuuliza mmoja Negev iko upande gani, akacheka akanionyesha tumbo.

Kilichowashika ni benchi la nje ya bwalo. Kila kiangazi kambi ilileta vijana kutoka Israeli kwenyewe, waliotoka jeshini karibuni. Jioni moja alikaa pale msichana mmoja wa miaka 21, watoto wakamzunguka wakaanza kumuuliza. Uliogopa? Bibi yako alitoka wapi? (Iraki, na alipika wali kila Ijumaa.) Una rafiki Mpalestina? Akafikiri, akasema anaye mmoja, walifanya kazi pamoja hotelini, siasa hawaigusi kabisa. Kwa nini hamuigusi? Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza hasa. Chakula cha usiku kikapoa, nikafokewa mimi.

Jingine. Jumamosi usiku, nyota tatu zikionekana, wanaiaga Shabati, siku yao ya mapumziko. Wanawasha mshumaa uliosokotwa, wanapitishiana kijisanduku cha manukato kila mtu anuse. Kikanifikia mlangoni mwa jiko. Wallahi, karafuu! Nikawaambia hizi ni zetu, nikawaeleza tunavyochuma, tunavyochambua vikonyo, tunavyoanika kwenye majamvi, mvua ikinyesha watu wanavyokimbizana. Binti mmoja akaniuliza kama nakumbuka kwetu. Nikamwambia kila siku. Akasema, "Mimi naambiwa nikumbuke mahali ambapo sijawahi kufika." Sikumjibu, nikampa karafuu tatu azitie mfukoni.

Mtu wa Kizingo

Hiyo ya karatasi imenichekesha. Makka nayo iko kaskazini kabisa ya Mombasa, ndiyo maana wazee wetu wakisema "upande wa kibla" wanamaanisha kaskazini. Kumbe mnasali upande mmoja na sisi.

Mnandi wa London

Mlezi, yangu ni hii. Mimi ni mtu wa karibu na Eldoret, nilikuwa mtunza jengo kwenye ukumbi wa sinagogi moja hapa London. Jumanne jioni kulikuwa na kikundi cha vijana wa miaka 15, 16. Siku moja waliigiza ule mkutano wa Wazayuni, Basel, Uswisi, 1903. Waingereza, kupitia Chamberlain, waziri wao wa makoloni, walikuwa wamependekeza kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki wajitawale, maana Urusi walikuwa wanauawa. Herzl, kiongozi wa Wazayuni, akaleta hoja ipelekwe tume ikaitazame. Kura zikawa 295 za ndiyo, 178 za hapana, na wajumbe wa Urusi wakatoka nje, wengine wakaketi chini wakilia kama wafiwa.

Watoto waliigiza vizuri sana. Mmoja alijibandika ndevu za Herzl. Ila ukutani walitundika ramani imeandikwa "Uganda", na mimi na mopu yangu naiangalia, naona ni Uasin Gishu! Jina la Uganda lilibaki tu kwenye vitabu. Nikashindwa kunyamaza. Nikasema, samahani, hapo ni kwetu.

Ukumbi ukawa kimya. Mlezi wao, kijana mwenye akili, akanivutia kiti. Wakaniuliza nani alikuwa anakaa hapo 1903. Nikawaambia Wanandi, Wamasai, na kwamba wakati ule Wanandi walikuwa vitani na Waingereza, wakawa vitani hadi 1905 alipouawa kiongozi wetu Koitalel arap Samoei. Tume ilipokuja kuangalia nyasi, sisi tulikuwa tunapigana. Msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyewauliza ninyi?" Hakuna. Kisha bila mtu kumsukuma akauliza, "Na Palestina waliulizwa?"

Mlezi angeweza kubadilisha mada. Hakubadilisha. Walikaa na swali hilo wiki tatu, wengine wakakasirika, mzazi mmoja akapiga simu kulalamika. Lakini nakwambia kitu kimoja: zile wiki tatu viti havikutosha, na mimi ndiye niliyekuwa navihesabu.

Mama wa Toronto

Mimi ni Mkenya, niliolewa na Myahudi, nikaingia dini. Mwanangu ana miaka 16. Baada ya Oktoba 7, 2023, Hamas walipoishambulia Israeli, aliacha kabisa kwenda kwenye kikundi chake (jina silitaji). Mlinzi mlangoni, ndani nyimbo na bendera, na akiuliza kuhusu Gaza anaambiwa "sasa siyo wakati". Shuleni nako wenzake wanamuuliza yeye kana kwamba ndiye waziri mkuu. Mtoto akawa hana pa kuuliza wala pa kujibu.

Akaja mlezi mpya. Hakuleta hotuba. Alileta habari moja ya siku moja, kutoka magazeti mawili ya Israeli, Haaretz na Jerusalem Post, akawapa kalamu wapige mstari kila neno lililotofautiana. Basi. Mwanangu alirudi saa nne usiku bado anabishana na baba yake kuhusu neno moja. Wiki iliyofuata alienda bila kusukumwa. Msiwafiche kitu watoto hawa, simu wanazo.

Mzee wa Nairobi

Kwa yule kijana wa kaburi chini ya mgomba. Karne ya 12 mwongofu mmoja aliyeitwa Obadia alimwandikia Rambam (Maimonides, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi) swali hilohilo: naweza kusema "Mungu wetu na Mungu wa baba zetu" na baba zangu hawakuwa Wayahudi? Rambam akamjibu sema yote, usibadilishe neno, kwa kuwa Ibrahimu ni baba wa kila anayeingia. Msomeeni barua yenyewe, usimpe muhtasari.

Mlezi wa Mbale (mwanzisha uzi)

Nimerudi wadau. Jana nimewasomea ile barua. Yule kijana alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe, kisha akasema, "Sawa. Basi nina mababu pande mbili, na upande mmoja hawajatupa viza." Wakacheka wote, naye akacheka, ila mwisho akaniomba atlasi aende nayo nyumbani. Nimempa. Ya Mnandi nitaijaribu mwezi ujao, na kuna mzee wetu mmoja namhofia.

Mpemba, karafuu za kutosha vijana 22 ni kiasi gani, na utanitumia kwa basi?

Mpemba Jikoni

Robo kilo inatosha na inabaki. Za mwaka huu bado ziko jamvini, nipe siku tatu zikauke.