Madini ya chuma kwa mtoto wa miezi 9: mchuzi wa nyama unatosha?

mlezi_mpya: Habari za humu. Mtoto ana miezi 9, bado ananyonya. Asubuhi uji, mchana viazi vya kuponda na mchuzi wa nyama, jioni mchicha. Chuma kinamtosha au nitafute matone ya chuma?

lishe_kwanza: Hakimtoshi. Tatizo ni huo mchuzi: chuma hubaki kwenye nyama, kinachoingia kwenye supu ni kidogo mno. Akiba aliyozaliwa nayo huanza kuisha kati ya miezi 4 na 6, na maziwa ya mama yana takriban miligramu 0.3 tu kwa lita. Makadirio ya mahitaji ya chuma ya Marekani kwa umri huo ni miligramu 11 kwa siku, Uingereza 7.8. Basi mpe nyama yenyewe. Ichemshe ilainike kabisa, ikate kukatisha nyuzi, isage, kisha ilegeze kwa mchuzi isimkwame. Gramu 30 za ng'ombe hazifiki miligramu 1, ila hufyonzwa vizuri na huvuta hata chuma cha maharage yaliyo sahani moja nayo. Maini ya kuku yana karibu miligramu 10 kwa gramu 100, lakini mara moja kwa wiki inatosha. Vitamini A yake ni nyingi.

jikoni_na_mwana: Naongezea upande wa mimea. Maharage na nafaka zina fitati, inayokamata chuma. Loweka usiku kucha, mwaga maji, ndipo upike. Unga wa nafaka iliyooteshwa au uji uliochachushwa ni bora zaidi. Tunda lenye vitamini C liwe mlo uleule, bichi, maana moto huiharibu. Mchicha una sifa kuliko kazi. Chai asipewe, na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka.

mlezi_mpya: Asanteni. Na matone?

lishe_kwanza: Usijinunulie. Kliniki wapime hemoglobini (wingi wa damu) na feritini (akiba ya chuma mwilini), ila si siku ana homa: feritini hupanda na kuficha upungufu.

zamu_ya_usiku: Kipimo si lazima kila mahali, mkuu. Penye upungufu mwingi wa damu, WHO (Shirika la Afya Duniani) hushauri miligramu 10 hadi 12.5 za chuma kila siku kwa miezi 3 mfululizo kwa mwaka, na penye malaria iende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Vidonge vya chuma vya wakubwa vifungie kabatini; vichache tu vinaweza kumuua mtoto.