Sarafu za harusi ya Charles na Diana alizoacha marehemu baba: ni madini ya fedha kweli?

Binti Kibokoni: Assalaam alaykum. Marehemu baba alikuwa baharia. Baada ya arubaini tulifungua sanduku lake, tukakuta sarafu mbili kubwa za Uingereza: Charles na Diana upande mmoja, Malkia Elizabeth upande wa pili, mwaka 1981. Moja imo kwenye kiboksi chenye cheti, nyingine alikuwa ameifunga kwenye leso. Kaka yangu kajaribu sumaku haikushika, anasema zote ni fedha. Sonara kapima, kila moja gramu 28 na ushei, anasema kwa kuwa zimelingana uzito hakuna ya fedha hapo, na anazitaka kwa bei ya kutupa. Nimsikilize nani? Na ile ya leso imefifia, niisugue?

Mla Chumvi: Dada, poleni kwa msiba. Wote wawili hawajapatia. Kwa harusi ile ya 29 Julai 1981 Waingereza walitoa mamilioni ya sarafu za shaba na nikeli, na chache za fedha ya 925, yaani sehemu 925 kwa 1000 ni fedha safi. Zote zina gramu 28.28 na upana wa milimita 38.61, kwa hiyo mizani haitakwambia kitu. Sumaku nayo haishiki fedha wala mchanganyiko ule. Tofauti iko kwenye unene: kwa ukubwa uleule fedha ni nzito zaidi, basi kwa uzito sawa sarafu yake ni nyembamba kidogo.

Ya kwenye kiboksi usiitoe, soma cheti. Ya leso ifunge uzi, weka kikombe cha maji kwenye mizani ya sonara, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ining'inize majini isiguse chini. Ikisoma kama gramu 2.7 ni fedha, maana nyembamba husukuma maji machache. Ikisoma 3.2 ni shaba na nikeli.

Mjukuu wa Bibi: Usisugue, nakuomba! Niliachiwa riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha ya zamani, nikaipiga ndimu na majivu mpaka ikametameta. Mnunuzi aliitazama mara moja tu akanirudishia. Sura ilikuwa imelika. Mpaka leo inaniuma.

Mla Chumvi: Nyongeza: ya fedha ina gramu 26.16 za fedha safi. Uliza bei ya gramu siku hiyo, uzidishe, na usishuke hapo. Kiboksi na cheti visitengane nayo.

Binti Kibokoni: Nimerudi. Cheti kinasema fedha. Ya leso imesoma 3.2, mbele ya sonara mwenyewe, naye akanyamaza. Kaka zangu wamekubali ya kiboksi isiuzwe kwa pupa. Ya leso nimewaomba wanipe mimi, wameniachia. Mama anasema baba alishuka nayo melini mfukoni, akampa siku aliyorudi. Leso yenyewe ni ya mama.