Leza ya bluu ya wati 5: kuangalia doa linalowaka kwenye mbao kunaumiza macho?

Baraza_Ngamiani
Wakuu, salaam. Karakana iko Ngamiani, Tanga, mlango wazi kwenye baraza. Mashine ni leza ya diodi, bluu, urefu wa wimbi nanomita 450, fremu tupu isiyo na boksi. Kazi ni ngao za shule na vibao vya majina. Hakuna anayeangalia mwale wenyewe, ila lile doa juu ya mbao watu wote wanalikodolea: fundi, wateja, na watoto wakitoka madrasa. Katoni imeandikwa wati 40. Miwani iliyokuja nayo ni plastiki ya kijani, haina maandishi yoyote. Doa peke yake lina madhara? Umbali gani unatosha?

PimaKwanza
Hizo wati 40 mara nyingi ni umeme unaoingia. Mwanga unaotoka kwa mashine za namna hiyo ni kama wati 5, soma kibandiko cha kwenye kichwa cha leza. Leza yoyote inayozidi wati 0.5 ni daraja la 4, la hatari zaidi, na kwa daraja hilo hata mwanga uliotawanyika unaweza kudhuru.

Fanya hesabu ukichukulia hali mbaya kabisa, uso mweupe unaorudisha mwanga wote. Gawa nguvu kwa 3.14 × umbali × umbali. Ukiinamia kwa sentimita 50: 5 ÷ (3.14 × 50 × 50) ni miliwati 0.64 kwa kila sentimita ya mraba. Kikomo cha kutupia jicho kwa robo sekunde ni kama miliwati 2.5, kwa hiyo anayepita tu na kuchungulia hapati shida. Shida ni kukodoa. Bluu huiathiri retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kikemikali na dozi hujumlishwa: kikomo ni milijuli 10 kwa sentimita ya mraba, na kwa miliwati 0.64 unakifikia ndani ya sekunde 16. Ngao moja inaweza kuchukua dakika 20! Kwa kutazama muda mrefu kikomo hushuka hadi miliwati 0.1, yaani ukae mita 1.3 au zaidi.

Mninga hunywa mwanga mwingi, hivyo unapata nafuu. Plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe haina nafuu hiyo. Na usipime hatari kwa ukali unaouona: bluu ya 450 jicho huiona hafifu sana ukilinganisha na kijani ya nguvu ileile.

Hesabu hii ni ya uso usiong'aa. Kwenye vanishi, kigae au alumini isiyopakwa rangi, mwale hurudi ukiwa mwale, na hapo mita 1.3 haina maana yoyote.

Baraza_Ngamiani
Shukrani mkuu. Mbona jioni macho hayaumi?

PimaKwanza
Retina haina neva za maumivu. Inaweza kuungua usihisi kitu. Funika jicho moja, tazama karatasi ya hesabu yenye miraba kwa sentimita 30, kisha jicho la pili. Mistari ikipinda, au pakiwa na doa lisiloondoka, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo na useme ni leza, ya bluu, ya wati ngapi.

FundiMaboksi
Hiyo miwani ya kijani weka kando. Kijani kwa kawaida ni ya leza nyekundu na bluu inaweza kupenya. Unayoitaka ni ya chungwa, na kwenye fremu au lenzi pawe na maandishi ya nanomita (450 iwe ndani) na OD (kipimo cha kuzuia mwanga) 4 kwenda juu. OD 4 hupitisha sehemu moja kati ya 10,000. Wati 5 hubaki miliwati 0.5. Miwani ya jua na kioo cha kuchomelea si mbadala.

Lakini miwani inamlinda fundi tu. Watoto wa barazani dawa yao ni boksi. MDF ya milimita 6, ndani paka nyeusi isiyong'aa. Dirisha dogo la perspeksi ya chungwa iliyotengenezwa kwa leza ya 450. Ukiangalia kupitia humo, doa lionekane njano au chungwa, bluu isionekane kabisa. Perspeksi ya mabango yenye rangi hiyohiyo usiiamini. Swichi ya mlango iunge mfululizo na waya wa umeme wa kichwa cha leza, mlango ukifunguka mwale ukatike hapohapo. Bomba la feni la kutoa moshi lipige kona mbili kabla ya kutoka nje, maana bomba lililonyooka hutoa mwanga pia. Kitanda cha alumini kisichopakwa rangi kibadilishe au ukipake nyeusi.

Mteja anayetaka kuona kazi inavyokwenda, mwekee kamera ya bei nafuu ndani, atazame kwenye simu.

Na reksini usiichome humo. Mara nyingi ni plastiki ya PVC, inatoa gesi ya asidi inayokula mapafu na reli za mashine.