Droo ya tenisi: vigogo wakipangwa nusu moja, nani anaumia?

Raketi ya Kizingo
Wadau, salamu kutoka Mombasa. Tunaandaa mashindano ya klabu, wachezaji 12. Wawili ni moto wa kuotea mbali na wanatoshana nguvu; waliobaki wako karibu sawa. Wengine wanataka majina yote yatiwe kofiani, kila mtu aangukie popote. Hao wawili wakikutana nusu fainali badala ya fainali, nafasi ya kombe inabadilika kweli?

Nyavu
Inabadilika, ila si pale watu wanapodhania. Chukua nusu fainali: vigogo wawili wa 50 kwa 50, na wengine wawili ambao kigogo huwafunga mara 8 kati ya 10. Vigogo wakiwa nusu moja, kila mmoja ana 0.5 × 0.8, yaani asilimia 40 ya kombe. Wakitenganishwa wanapata 44.8, kwa kuwa mwenzako huenda akang'olewa na mtu mwingine kabla hujamfikia. Pengo dogo. Kinachoumiza ni kufika fainali: asilimia 50 dhidi ya 80. Anayefaidi hasa ni wa nusu isiyo na kigogo, anapanda kutoka 5.2 hadi 10 bila kuongeza hata pigo moja.

Mstari wa Nyuma
Nakazia hapo kwa Nyavu. Grand Slam (mashindano manne makubwa ya tenisi) ina watu 128, na 32 kati yao hupewa nambari za ubora ili wasikutane mapema. Nambari 1 na 2 hukaa ncha mbili za droo, lakini 3 na 4 hupigiwa kura mmoja kila nusu, na 5 hadi 8 mmoja kila robo. Roland Garros (Grand Slam ya Ufaransa) 2021 Djokovic (1), Nadal (3) na Federer (8) waliangukia nusu moja. Mwaka uliofuata Nadal alikuwa nambari 5, akakutana na Djokovic robo fainali, akamtoa, akabeba kombe. Kwa alama za sasa za ATP (chama cha tenisi ya wanaume), kwenye Grand Slam anayeishia robo fainali hupata 400, anayefungwa fainali 1,300. Ukikosa hizo 900 unashuka kwenye orodha, na droo ijayo inaweza kukupa kigogo mapema tena.

Karani wa Mechi
Kofia peke yake msikubali. Chora droo ya 16. Nambari 1 mstari wa 1, nambari 2 mstari wa 16. Kwa 3 na 4 rusheni shilingi: mmoja mstari wa 5, mwingine wa 12. Acheni tupu mistari ya 2, 6, 11 na 15, ili nambari 1 hadi 4 waanzie raundi ya pili. Wanane waliobaki ndio wa kofia.

Kosa la kila mara ni kujaza majina kuanzia 1 hadi 12. Nusu ya juu inabeba watu 8, ya chini 4. Wa juu anafika fainali na mechi tatu miguuni, wa chini mbili.

Na nusu fainali zote zipigwe saa kumi jioni, viwanja viwili sambamba. Ukimpa mmoja saa sita na jua la kaskazi, mwenzake jioni, ratiba imeshaivuruga droo.

Raketi ya Kizingo
Shukrani sana. Na hao wanne tuwapate vipi? Hatuna alama.

Karani wa Mechi
Matokeo ya mechi za klabu za miezi 12 iliyopita. Bandikeni orodha ubaoni siku moja kabla ya droo, pingamizi zisikilizwe hapo. Kura ikishapigwa mbele ya wachezaji, hakuna kuhamisha jina.